Orodha Husomwa, Hesabu Haisomwi

Elgon View, mjini Eldoret, ni mtaa wa mageti marefu na miti iliyokomaa. Wanaishi humo madaktari wa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, wahadhiri, wanariadha walioweka jasho la marathoni kwenye nyumba, wafanyabiashara na wanasiasa. Kwa sababu hiyo kadi za mchango hupenda sana kubisha hodi huko. Mtu wa mitaa ya kawaida kama Langas au Huruma akikwama na bili ya hospitali, ndugu zake huketi jioni wakataja majina, na haichukui muda kabla mmoja hajasema, "Kuna yule mkubwa wa Elgon View."

Nimefanya kazi ya uhasibu hapa Eldoret kwa zaidi ya miaka 20, na kwa sababu ya kazi hiyo nimealikwa katika kamati nyingi za mchango, nyingine zikikutana katika sebule za mtaa huo. Ajenda ya kwanza huwa ile ile: mgeni wa heshima atakuwa nani? Hapo kikao humaliza nusu ya muda wake. Yupi atakuja kweli, yupi atatuma mwakilishi, yupi akialikwa fulani hatakanyaga. Zikifuata kadi, hema, viti na mwendesha shughuli, chai tayari imekwisha. Katika kikao kimoja cha kumsaidia kijana aliyevunjika uti wa mgongo, niliuliza ni tarehe gani tutasoma hesabu ya matumizi. Mwenyekiti, mzee ninayemheshimu, alinijibu kwa upole: "Mhasibu, tukusanye kwanza."

Jibu hilo ndilo kiini cha makala hii. Katika michango yetu aliyetoa husomwa kwa kipaza sauti, jina lake na kiasi chake, na watu wakapiga makofi. Namna pesa zilivyotumika haisomwi popote. Mlango wa kuingilia uko wazi na una taa. Wa kutokea uko gizani, na aliyeshika ufunguo wake ni mtu mmoja au wawili. Nimefikia kuamini kwamba nguvu za wenye vyeo huingia katika ukarimu wetu kupitia pengo hilo, kuliko kupitia ukubwa wa bahasha zao.

Tazama bahasha yenyewe inavyofanya kazi. Kamati haimwiti mgeni wa heshima kwa ajili ya mfuko wake pekee. Inamwita kwa sababu ya watu wanaokuja nyuma yake. Ndiyo maana mgeni huyo husimama na kusema, "Nimekuja na langu, na marafiki wamenituma." Hao marafiki ni akina nani? Mara nyingi ni mkandarasi anayesubiri malipo ya barabara, muuzaji wa vifaa anayetaka zabuni mwaka ujao, na maafisa wa chini yake ambao hawawezi kusema hapana bila kufikiria kazi zao. Mgonjwa anapata pesa, na hilo ni jema. Lakini shukrani zinakwenda kwa mwenye cheo, ambaye pengine ametoa kidogo kutoka mfukoni mwake, na mkandarasi anabaki na deni la kudai ofisini. Mambo matatu yamefanyika katika bahasha moja, na umati umeona moja tu.

Mwanasosholojia Mfaransa Marcel Mauss aliandika mwaka 1925 kwamba zawadi haitoki mkononi mwa mtu ikiwa imekatika naye. Humfunga anayepokea mpaka airudishe kwa namna fulani. Mkulima wa Uasin Gishu, kaunti yetu, anayepokea laki mbili za matibabu ya mwanawe hana laki mbili za kurudisha. Ana kura, ana sauti yake katika baraza la kijiji, na ana ukimya wake siku ambayo zahanati ya kijiji itakosa dawa. Atalipa kwa hivyo vitatu.

Harambee, kama michango hii inavyoitwa, haikuzaliwa hivi. Ulikuwa mwito wa watu wanaovuta au kubeba kitu kizito pamoja, na Jomo Kenyatta aliufanya mwito wa taifa siku ya Madaraka, Juni 1, 1963. Kwa mwito huo zilijengwa shule za sekondari zilizojulikana kama shule za harambee, zahanati, majosho ya ng'ombe na mifereji ya maji. Asiye na pesa alileta mchanga, au gunia la mahindi, au mikono yake. Hesabu haikuhitaji kusomwa, kwa kuwa kila mtu alipita kando ya ukuta ukipanda. Ukuta wenyewe ulikuwa hesabu.

Katika miaka ya Rais Moi mambo yaligeuka. Machifu walitembea na vitabu vya risiti, watumishi wa umma wakakatwa mishahara kwa michango iliyoitwa ya hiari, na mwananchi aliyefuata huduma ofisini aliweza kuulizwa kwanza kama ametoa. Wanasiasa nao waligundua kwamba jukwaa la harambee ni jukwaa la kampeni lisilohitaji kibali cha kampeni. Mwaka 2003, chini ya Rais Kibaki, Bunge lilipitisha Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma, iliyomkataza mtumishi wa umma kutumia ofisi yake kama mahali pa kukusanyia harambee, au kutumia cheo chake kumshinikiza mtu atoe. Mwaka huo huo ukaundwa mfuko wa maendeleo ya maeneobunge, CDF, na wengi tulitarajia kwamba mbunge hataombwa tena kujenga madarasa kwa pesa za mfukoni. Aliendelea kuombwa, naye akaendelea kutoa.

Sheria hazikukoma hapo. Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2011 inamzuia mtu kugombea kiti iwapo ameshiriki harambee katika miezi minane kabla ya uchaguzi mkuu. Sheria ya Uongozi na Maadili ya mwaka 2012 inamtaka afisa wa serikali asishiriki mchango kwa namna inayotia doa uadilifu wake. Julai 2024, baada ya vijana kujaa barabarani kuipinga serikali, Rais William Ruto alitangaza kwamba maafisa wa serikali hawatashiriki tena harambee, na akamwagiza Mwanasheria Mkuu aandae sheria. Kufikia Machi 2025 Rais mwenyewe alikuwa ametangaza shilingi milioni 20 kwa kanisa la Jesus Winner Ministry, Roysambu, na vijana wakaandamana nje ya kanisa hilo.

Hapa naomba msomaji afanye nami hesabu ya darasa la nne. Mshahara wa mbunge kwa mwezi, kabla ya kodi na bila kuhesabu marupurupu ya safari na vikao, haufiki shilingi milioni moja. Akitoa laki tano kila Jumapili, mwezi ukiwa na Jumapili nne, ametoa milioni mbili. Mhasibu yeyote angeuliza tofauti hiyo imetoka wapi. Kanisani hakuna anayeuliza. Watu husema amina.

Simu imebadilisha mengi, na mimi ni miongoni mwa wanaoishukuru. M-Pesa ilianza Machi 2007, na leo mama mboga wa soko kuu anaweza kutuma shilingi 50 bila kupanga foleni mbele ya meza ya mweka hazina. Mwaka 2011, wakati wa ukame mkali, kampeni ya Wakenya kwa Wakenya iliyosimamiwa na Shirika la Msalaba Mwekundu pamoja na kampuni na vyombo vya habari ililenga shilingi milioni 500 kwa wiki nne, na lengo hilo likapitwa. Hapakuwa na mgeni wa heshima. Majukwaa ya mtandaoni kama M-Changa yalikuja baadaye yakamwezesha mchangaji kuona jumla inavyopanda.

Lakini angalia kikundi cha WhatsApp cha mchango wowote. Mkubwa wa ofisi ndiye anayefungua orodha: namba moja, jina lake, 10,000. Wa pili anaandika 5,000. Kufikia wa nane, mlinzi wa ofisi anayepata 15,000 kwa mwezi anaitazama orodha na 200 yake mkononi, kisha anakopa ili aandike 1,000. Hakuna aliyemlazimisha. Orodha imemlazimisha. Nimemwona mtu akifanya hivyo, na mpaka leo naona aibu kwamba sikusema neno. Siku hizi nikiwa kwenye kamati naomba jambo moja dogo: jumla itangazwe, majina yashukuriwe, viasi visiandikwe mbele ya majina. Mara nyingine wanakubali. Pesa huwa hazipungui kama wanavyohofia, kwa maana wadogo wengi ambao wangekaa kimya hujitokeza.

Sasa nije kwenye jeraha la mji huu wenyewe. Wazee wa Uasin Gishu wamezoea kwa miongo mingi kuchangia nauli ya kijana anayekwenda kusoma ng'ambo. Mpango wa serikali ya kaunti wa kupeleka wanafunzi Finland na Kanada ulipotangazwa, wazazi walifuata njia hiyo hiyo waliyoijua: wakauza ng'ombe, wakauza kipande cha shamba, wakaita harambee, wakapeleka pesa kwenye akaunti ya mpango. Agosti 2023 walikuwa wakiandamana Eldoret, wakidai pesa ambazo hazikuwa zimefika vyuoni, huku wanafunzi wengine wakiwa tayari Finland na karo haijalipwa. Seneta Jackson Mandago, aliyekuwa gavana mpango ulipoanzishwa, alishtakiwa pamoja na wengine, wakakana mashtaka. Nani ana hatia ni neno la mahakama.

Ninachoweza kusema kama mhasibu ni hiki. Wazazi hao hawakuwa wajinga. Mtu anayeuza ng'ombe sokoni huhesabu noti mara mbili na kuzimulika juani. Walipofika kwenye mpango huu hawakuomba taarifa ya benki kila mwezi, wala hawakuuliza watia saini wa akaunti ni akina nani, kwa sababu nembo ya kaunti ilikuwa juu ya karatasi na viongozi waliowachagua walikuwa mbele ya kamera wakiwaaga watoto. Cheo kilichukua nafasi ya risiti. Kumwuliza kiongozi hesabu kungeonekana kama kumkosea adabu, na katika jamii yetu adabu kwa mkubwa ni jambo zito. Nawaelewa kabisa. Ndiyo sababu nasema tarehe ya hesabu lazima iandikwe kwenye kadi tangu mwanzo, ili mzazi asihitaji ujasiri wa kuuliza. Liwe jambo la kalenda, kama ilivyo siku ya mchango yenyewe.

Kujinasua na nguvu za cheo kunawezekana. Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, aliagiza zirudishwe pesa ambazo Rais na gavana wa Nairobi walitoa katika parokia ya Soweto, Embakasi. Parokia ile ilikuwa inajenga nyumba ya mapadre, na pesa ilizihitaji kweli. Uamuzi huo ulikuwa na gharama, na kwa hilo nauheshimu.

Karibu nasi zaidi, ndani ya eneo la Hospitali ya Rufaa ya Moi, ipo hospitali ya watoto ya Shoe4Africa iliyofunguliwa mwaka 2015. Ilianzishwa na mkimbiaji Toby Tanser, na sehemu kubwa ya pesa zake ilitoka kwa watu waliokimbia mbio ndefu nchi za mbali, wakichangiwa kidogo kidogo na marafiki na jamaa zao. Wengi wao hawatakuja Eldoret maisha yao yote, wala hawana kura ya kuomba huku. Mtoto kutoka Turbo au Kesses analazwa pale bila mzazi wake kudaiwa shukrani ya kisiasa na mtu yeyote. Na jengo linaonekana, kama kuta za shule za zamani.

Turudi kwenye ile kamati ya kijana wa uti wa mgongo. Mzee mwenyekiti alinipigia usiku ule, akaniambia amefikiri na tuweke tarehe. Tulifungua akaunti kwa jina la kamati yenye watia saini watatu, mmoja wao asiwe ndugu wa mgonjwa. Bili ililipwa moja kwa moja hospitalini, wala hakuna fedha taslimu iliyopita mkononi mwa mtu. Siku ya mchango walikuja watu zaidi ya 300. Wiki tatu baadaye, siku ya hesabu, tulikuwa 14 sebuleni. Mweka hazina alisoma kila kitu, hata bei ya kukodi viti. Salio lilikuwa shilingi 38,250, nalo likaenda kwenye mazoezi ya viungo ya kijana yule. Mgeni wa heshima hakuja, ila aliomba atumiwe nakala, tukamtumia ile ile tuliyowatumia waliotoa shilingi 50.

Watu 14 ni wachache mno. Kadi nyingine itafika getini kwako mwezi huu, uwe Elgon View au Langas. Kabla ya kuandika kiasi, mwulize aliyeileta hesabu itasomwa lini na wapi. Kisha siku hiyo ikifika, nenda.