Pinga: mazuti au esansi? Hesabu ya mtu anayetaka kununua kamiyo

Mvua ikinyesha usiku kucha kati ya Kalembe na Pinga, asubuhi watu sokoni hawaanzi na bei ya chumvi. Wanaanza na kuuliza ni kamiyo gani imekwama, na wapi. Moja ikizama katika matope mahali pembamba, zote za nyuma zinasimama. Sabuni, chumvi na mabati vinalala njiani; mawese yanayotoka Walikale nayo yanangoja. Mwishowe inatafutwa kamiyo nyingine, inafungwa kamba ya chuma, na inaanza kuvuta. Hapo ndipo inaonekana moteri ipi ina nguvu na ipi ina kelele tu.

Pinga iko mpakani mwa tarafa za Masisi na Walikale, na njia yake ya kawaida kutoka Goma inapita Sake, Kitchanga, Mweso na Kalembe. Mapigano ya Kalembe ya Oktoba 2024 yaliifanya njia hiyo kuwa ngumu zaidi. Kisha Januari 2025 mabenki ya Goma yakafunga milango, na wafanyabiashara wengi wakajifunza kutunza akiba mkononi au kuiweka katika kitu. Kwa hiyo anayenunua kamiyo leo anaweka jasho la miaka mingi katika chuma kimoja. Akikosea moteri, hana pesa ya kurudia.

Zamani swali hili halikuwepo, kamiyo ilikuwa mazuti na basi. Siku hizi vijana wanaona kwenye simu magari ya Marekani yenye moteri ya esansi na turbo yakivuta remoki kubwa, wanauliza kwa nini sisi tubaki na moshi mweusi. Swali lao si la kuchekwa. Mwaka 2011 Ford ilitoa pikapu ya F-150 yenye moteri ya esansi ya lita 3.5 na turbo mbili, na kwa karatasi za kiwanda iliweza kuvuta zaidi ya tani 5. Moteri ya mazuti ya pikapu hiyohiyo ilianza kuuzwa mwaka 2018, ikaachwa mwaka 2021. Kwa gari la namna hiyo, katika lami, esansi ilishinda. Lakini kiwanda hichohicho, mteja akitaka pikapu ya kuvuta mizigo mizito zaidi ya yote, humpa moteri ya mazuti ya lita 6.7.

Tuangalie gari ambalo watu wa hapa wanalijua vizuri, Land Cruiser. Kati ya moteri za ile ya namba 300, kuna ya esansi na ya mazuti zenye turbo mbili. Ya esansi ina nguvu ya farasi zaidi ya 400. Ya mazuti ina 300 na kidogo. Mtu akisoma hapo tu atachukua esansi. Lakini nguvu ya farasi inaonyesha hasa gari litakimbia kiasi gani. Kinachong'oa gurudumu katika matope ni nguvu ya kuzungusha, na hapo mazuti inatoa 700 wakati esansi inatoa 650, kwa kipimo kilekile. Tena mazuti inaifikia nguvu hiyo moteri ikiwa inazunguka mara 1,600 kwa dakika, esansi inangoja 2,000. Tofauti inaonekana ndogo. Kwa kamiyo iliyosimama mlimani na tani kadhaa mgongoni, ndiyo tofauti ya kuondoka polepole katika vitesi ya kwanza au kuunguza klachi.

Na kamiyo zetu zinasimama mara nyingi. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS walihesabu bariyeri 798 katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini. Anayeweka bariyeri haulizi kama pale ni mlima au tambarare. Dereva anasimama, analipa, anaanza tena kupanda kutoka sifuri. Waliochora moteri za lami ya Marekani hawakuwaza jambo hilo.

Turbo yenyewe haina ubishi, iwe ya mazuti au ya esansi. Kazi yake ni kutumia moshi unaotoka ili kusukuma hewa nyingi ndani ya moteri. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na milima ya Masisi inapita 2,000. Huko juu hewa ni nyepesi, na moteri isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja kwa kumi ya nguvu yake kwa kila mita 1,000. Kamiyo iliyopanda vizuri kule Mombasa inafika Kitchanga ikiwa imechoka bila kuugua. Turbo inarudisha sehemu kubwa ya nguvu hiyo. Pamoja na hayo, Land Cruiser nyingi za mashirika ya msaada zina moteri ya zamani ya lita 4.2, mazuti bila turbo. Ni nzito na pole, lakini fundi yeyote anaijua, na hiyo nayo ni nguvu.

Sasa tuje kwenye mafuta yenyewe, kwa sababu hapo ndipo hesabu ya Pinga inapotengana na ya kwingine. Esansi ni rahisi kuipata kwa chupa. Pikipiki zote zinaitumia. Lakini kamiyo haishibi chupa. Itabidi ubebe bidoni na mapipa. Esansi inatoa mvuke unaoshika moto hata katika baridi kali, ila mazuti kwa kawaida haitoi mvuke wa kuwaka mpaka ipashwe kupita nyuzi 50 hivi. Hakuna mtu wa Kivu anayehitaji kuelezwa moto wa mafuta: tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka na kuwaka pale Sange, Kivu ya Kusini, watu zaidi ya 200 wakafa. Kulala njiani siku tatu na mapipa ya esansi, huku abiria wakipika chini ya kamiyo, ni jambo ambalo mwenye gari anapaswa kuliwaza kabla ya kununua.

Kuna pia ubora. Moteri ya esansi yenye turbo ni ya kuchagua chakula. Moshi wake unaweza kupita nyuzi 900, joto kubwa kuliko la mazuti, na esansi iliyochanganywa na petroli ya taa inawaka kabla ya wakati wake ndani ya moteri. Fundi atasikia mlio kama misumari ndani ya kopo. Huo mlio ukiendelea na mzigo mgongoni, pistoni inatoboka. Na hata esansi ikiwa safi, moteri hiyo ikivuta mzigo mzito inakunywa sana. Mazuti, kwa kazi ileile, kwa kawaida inatumia kidogo kwa robo hadi theluthi. Mahali ambapo kila lita imebebwa kutoka mbali na kulipiwa njiani, hilo peke yake linaweza kumaliza mjadala.

Kwa maoni yangu basi, anayetaka kuvuta mizigo mpaka Pinga achukue mazuti yenye turbo. Lakini kazi ya kuchagua haijaisha, kwa sababu mazuti nayo ni za aina mbili, na hapa ndipo watu wengi wanapopoteza pesa.

Moteri za kisasa zinasukuma mazuti kwa msukumo mkubwa mno, bari 1,600 na zaidi, kupitia matundu membamba sana. Maji kidogo au vumbi la bidoni vinatosha kuua injekteri, na kompyuta ya gari inazima kazi. Zile za karibuni zaidi zina chombo cha kusafisha moshi, na nyingine zinadai maji maalumu ya kuongeza. Zinataka mazuti yenye salfa kidogo sana. Nchi za Afrika Mashariki zilishusha salfa mpaka sehemu 50 kwa milioni tangu Januari 2015, na mafuta yetu mengi yanapita huko, lakini kati ya tangi la Goma na bidoni la Pinga kuna mikono mingi. Moteri ya zamani yenye pompa ya kawaida inavumilia zaidi. Inatoa moshi, ndiyo. Lakini ikizimika msituni, fundi mwenye funguo na kitambaa safi anaweza kuifufua.

Turbo nayo ina desturi zake. Inazunguka hata zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya mafuta ya moteri. Ukizima gari mara tu baada ya kumaliza mlima, mafuta yanasimama wakati turbo bado ni ya moto, yanaungua na kuganda ndani. Acha moteri iunguruma polepole dakika mbili au tatu kwanza. Filtiri ya hewa isafishwe mara kwa mara wakati wa kiangazi, maana vumbi linakula mapanga ya turbo.

Na kuna kushuka. Moteri ya esansi inashika gari yenyewe ukiachia mafuta. Mazuti haishiki sana, ndiyo maana kamiyo huwekewa kifuniko kinachoziba bomba la moshi ili kuizuia mlimani. Katika kamiyo za mtumba kifuniko hicho mara nyingi kimekufa na muuzaji hasemi. Kabla ya kutoa dola, washa moteri asubuhi ikiwa baridi, angalia kama moshi ni wa buluu, kisha toa bomba la hewa na utikise shina la turbo kwa vidole. Likigonga ukuta wa nyumba yake, punguza bei au ondoka. Halafu omba uiendeshe ikiwa na mzigo, kupanda na kushuka. Muuzaji akikupa barabara ya tambarare tu, umeshajua.