"Thabiti" na "Imara": Sifa Mbili za Eneokazi katika Mifumo ya Linux ya Matoleo Mfululizo

1.0 Utangulizi

Katika maelezo ya Kiswahili kuhusu kompyuta, maneno "thabiti" na "imara" huweza kutumiwa kama visawe. Makala haya yanafafanua kwamba, katika mifumo ya Linux inayosasishwa mfululizo bila kungoja toleo jipya, maneno hayo yafaa yataje sifa mbili tofauti, na kwamba kuzichanganya humpotosha anayechagua mfumo.

2.0 Uthabiti: Kutobadilika

Msimamo thabiti ni ule usiogeuka. Nyumba imara ni ile isiyoanguka, hata ikipakwa rangi mpya kila mwaka. Debian 12, iliyotolewa Juni 2023, ilikuja na eneokazi la GNOME 43 na kubaki nalo. GNOME 48 ilifika na Debian 13, Agosti 2025. Arch Linux haina vituo vya namna hiyo. Programu mpya huwafikia watumiaji wake muda mfupi baada ya kukamilishwa na waundaji.

Tofauti hiyo ilidhihirika Septemba 2023, GNOME 45 ilipobadilisha namna viendelezi, yaani programu ndogo za kuongezea eneokazi uwezo, vinavyopakia moduli za JavaScript. Viendelezi vya GNOME 44 havikufanya kazi mpaka viandikwe upya kwa sehemu. Hapakuwa na kasoro, kwani badiliko lilikusudiwa na kutangazwa. Hata hivyo, watumiaji wa mifumo mfululizo walilipokea mapema, ilhali wale wa Debian 12 hawakuliona kabisa.

3.0 Uimara: Kutoharibika

Kukosa uthabiti si kukosa uimara. Kabla openSUSE Tumbleweed haijatoa mkusanyiko mpya, programu ya openQA huuwasha katika kompyuta pepe, hubofya vitufe na kulinganisha skrini na picha zinazotarajiwa. Aidha, Snapper huhifadhi hali ya mfumo kabla ya sasisho, hivyo mtumiaji aweza kurudi nyuma iwapo eneokazi halifunguki.

Mtumiaji naye ana wajibu. Arch Linux haikubali usasishaji wa nusunusu, kwa sababu eneokazi hutegemea maktaba nyingi za programu. Sehemu mpya ikikutana na maktaba ya zamani, huenda zisielewane. Baadhi ya lawama zinazoelekezwa kwa mfumo hutokana na usasishaji wa aina hiyo.

4.0 Hitimisho

Inapendekezwa kwamba "uthabiti" utengwe kwa maana ya kutobadilika, na "uimara" kwa maana ya kutoharibika. Mwalimu wa maabara ya kompyuta, ambaye picha za kitabu chake lazima zilingane na skrini za wanafunzi, anahitaji vyote viwili. Mwandishi wa programu anayetaka zana mpya aweza kuridhika na uimara pekee. Istilahi zikitenganishwa, kila mmoja atauliza swali linalomhusu kabla ya kuchagua, badala ya kuligundua baada ya sasisho.