Alama moja ilivyowanyima bonasi watengenezaji wa gemu

KIZURI chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga. Katika biashara ya michezo ya video, ambayo mitaani huitwa gemu, usemi huo hautoshi. Mnunuzi hawezi kuonja kabla ya kulipa, na akishafungua bidhaa ni vigumu kuirudisha dukani. Ndiyo maana kati ya mtengenezaji na mnunuzi amesimama mtu wa tatu, mhakiki, ambaye hucheza kwanza, huandika maoni yake, kisha huyafunga kwa namba.

Machi 2012 namba hiyo ilizua maneno makubwa. Chris Avellone, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Obsidian Entertainment ya California, Marekani, alieleza hadharani jinsi kampuni yake ilivyolipwa kwa kutengeneza mchezo uitwao Fallout: New Vegas. Walipewa malipo ya mkupuo, bila mrabaha wa mauzo. Kulikuwa na bonasi pia, lakini ingetolewa tu kama mchezo ungefikisha alama 85 katika tovuti ya Metacritic, ambayo hukusanya alama za wahakiki na kupiga wastani.

Haukufikisha. Toleo la mashine ya Xbox 360 lilipata 84, la kompyuta 84, na la PlayStation 3 likapata 82. Mwezi huohuo wa Machi 2012, Obsidian ilikuwa imepunguza wafanyakazi.

Si kwamba mchezo wenyewe ulikosa soko. Ulitoka Oktoba 2010, na mwezi uliofuata mchapishaji, Bethesda Softworks, alitangaza kuwa nakala milioni 5 zilikuwa zimepelekwa madukani, zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 300 kwa bei za rejareja. Mkataba ulikuwa umesainiwa na pande mbili, na hakuna aliyedai kuwa ulivunjwa. Kinachostahili kuangaliwa ni namna ulivyotungwa.

Bonasi ya aina hii ni kama ngazi yenye kipandio kimoja tu. Alama 60 na alama 84 hulipwa sawa, yaani hakuna kitu. Alama 85 hulipwa yote. Mkulima wa miwa anayelipwa kwa kiwango cha sukari anaijua adha ya kupimwa na maabara asiyoisimamia, lakini kwake malipo hupanda na kushuka kidogo kidogo pamoja na kipimo. Akikosa nukta moja, hupoteza thamani ya nukta moja. Obsidian ilikosa alama moja ikapoteza kila kitu. Tena kipimo chenyewe hakikuwa mikononi mwa muuzaji wala mnunuzi, bali kwa kundi la waandishi ambao hawakuwa na habari kuwa wanapanga mishahara ya watu.

Alama inavyopikwa

Utaratibu wa kawaida ni kwamba mchapishaji huwatumia wahakiki nakala ya mchezo siku kadhaa kabla haujaingia sokoni. Nakala hiyo huja na masharti: maoni yasichapishwe kabla ya siku na saa fulani, na pengine baadhi ya sehemu za hadithi zisitajwe. Mhakiki mwenye mchezo wa saa 40 au zaidi na wiki moja mkononi hana budi kukesha. Anacheza kwa haraka ambayo mnunuzi wa kawaida, anayecheza saa mbili baada ya kazi, hatakuwa nayo kamwe. Hilo peke yake hubadilisha ladha, kwa kuwa mchezo unaopendeza ukichezwa polepole unaweza kumchosha mtu anayekimbizana na muda.

Kila chombo kina mizani yake. Jarida la Famitsu la Japani, lililoanza mwaka 1986, limejulikana kwa kutumia wahakiki wanne, kila mmoja akitoa alama hadi 10, na jumla ikawa 40. Mchezo wa kwanza kupata 40 kamili ulikuwa The Legend of Zelda: Ocarina of Time wa kampuni ya Nintendo, mwaka 1998. Mtandao wa IGN wa Marekani kwa miaka mingi ulitoa alama zenye desimali, hadi Januari 2020 ulipoamua kubaki na namba nzima. Wapo waliotumia nyota, wapo waliotumia herufi kama za mitihani ya shule.

Metacritic, iliyoanza mwaka 2001, huchukua mizani yote hiyo na kuigeuza kuwa namba kati ya 0 na 100. Si wastani wa kawaida, kwa sababu vyombo vingine hupewa uzito mkubwa kuliko vingine, na uzito huo haujawekwa wazi. Mchezo wenye 75 na kuendelea hupewa rangi ya kijani, kati ya 50 na 74 njano, chini ya hapo nyekundu. Ugeuzaji wenyewe una vituko vyake. Herufi A ni 100 na F ni 0, hivyo B yenye alama ya kutoa inaangukia 67. Mwandishi aliyedhani amesema "mzuri, una kasoro ndogo" anajikuta ameupaka mchezo njano.

Halafu kuna mfumuko. Kwa hesabu, katikati ya 0 na 10 ni 5. Kwa wasomaji wengi wa hakiki za gemu, hata hivyo, 7 ndiyo "wastani" na 5 ni tusi. Jarida la Edge la Uingereza lilijitahidi kuitumia 5 kama wastani halisi, likajijengea sifa ya ukali. Sehemu kubwa ya alama zimejibana kati ya 65 na 95, na katika nafasi finyu kiasi hicho tofauti ya 84 na 85 inaweza kuletwa na mwandishi mmoja aliyeamka vibaya.

Waonjaji wa kahawa

Wasomaji wa kurasa hizi wanaifahamu kazi iliyo jirani na hiyo. Kahawa huonjwa na kupewa alama kabla ya kuuzwa, na katika fomu iliyotumika kwa miaka mingi na wanunuzi wa kahawa bora duniani, alama 80 kati ya 100 ndiyo mlango wa kuingia daraja la kahawa maalumu. Hapo pia kuna mizani iliyojibana na mstari unaotenganisha bei.

Tofauti iko katika namna ya kuonja. Sampuli huja kwa namba, na mwonjaji hatakiwi kujua shamba. Vikombe ni 5 kwa kila sampuli ili kuona kama ladha ni moja. Waonjaji huwa zaidi ya mmoja, tena mnunuzi anayetaka anaweza kuonja mwenyewe kabla ya mnada. Mhakiki wa gemu hana pazia hilo. Analijua jina la kampuni, ameona matangazo mwaka mzima, na mara nyingi matangazo hayohayo ndiyo yanayolipa mshahara wake.

Hili la mwisho lilidhihirika Novemba 2007. Jeff Gerstmann, mhariri wa siku nyingi wa tovuti ya GameSpot, aliupa mchezo wa Kane & Lynch: Dead Men alama 6 kati ya 10. Wakati huohuo tovuti hiyo ilikuwa imepambwa kwa matangazo ya mchezo huo. Muda mfupi baadaye alifukuzwa kazi. Uvumi ulizagaa, lakini sababu haikuelezwa. Machi 2012, baada ya masharti ya kisheria yaliyomfunga mdomo kuondolewa, alithibitisha kuwa alama zilizowaudhi watangazaji zilihusika na kuondoka kwake. Mwonjaji wa kahawa akiajiriwa na mwenye shamba, kila mtu sokoni atajua namna ya kuisoma alama yake. Msomaji wa hakiki hakuambiwa.

Cyberpunk na mashine kongwe

Kisa kinachomhusu zaidi mnunuzi ni cha mwaka 2020. Kampuni ya CD Projekt ya Poland ilikuwa imeuza nakala milioni 8 za Cyberpunk 2077 kwa oda za mapema kabla mchezo haujatoka. Wahakiki walipewa toleo la kompyuta peke yake, na walizuiwa kuonyesha picha za video walizorekodi wenyewe hadi siku ya kutoka. Alama zilizochapishwa kwanza zilikuwa za juu, na toleo hilo la kompyuta limebaki na 86 katika Metacritic.

Desemba 10 mchezo ukaingia sokoni, na wenye PlayStation 4 na Xbox One za kawaida wakakuta kitu kingine: picha zenye ukungu, mchezo unaokwama, mashine inayozima. Hakiki za matoleo hayo zilipokuja, la PlayStation 4 likapata 57. Wiki moja baada ya kutoka, Sony iliuondoa mchezo huo katika duka lake la intaneti na kuahidi kurudisha fedha. Haukurudi hadi Juni 2021.

Ni kama kuleta mnadani sampuli iliyochambuliwa kwa mkono kisha kupakia magunia ya mabaki. Alama 86 haikuwa ya uongo. Ilikuwa ya bidhaa nyingine. Hapa wahakiki wanastahili lawama yao. Walijua wamepewa toleo moja, na si wote waliomwambia msomaji mwenye mashine ya zamani asubiri. Kwa mtu anayetoa dola 60, tahadhari hiyo ilikuwa na thamani kuliko desimali yoyote.

Jambo moja katika kisa hicho lafaa kulinganishwa na lile la Obsidian. CD Projekt nayo ilikuwa imefunga bonasi za wafanyakazi wake kwenye alama za wahakiki, kiwango kikiwa 90. Kwa mujibu wa taarifa za shirika la habari la Bloomberg la Desemba 2020, baada ya mambo kuharibika uongozi uliwaambia wafanyakazi kuwa bonasi italipwa bila kujali alama, kwa maelezo kwamba kipimo cha awali hakikuwa cha haki katika hali iliyojitokeza.

Wapo wanaodai dawa ni kuwaachia wanunuzi wenyewe watoe alama. Metacritic imewapa nafasi hiyo, na matokeo yake hayatii moyo. Juni 2020 mchezo wa The Last of Us Part II ulipata 93 kwa wahakiki, huku alama ya umma ikianguka chini ya 4 kati ya 10 ndani ya siku chache. Wengi walipiga sifuri saa chache baada ya mchezo kutoka, muda usiotosha kuumaliza. Mwezi uliofuata tovuti hiyo ikaanza kuwasubirisha watu saa 36 kabla ya kuruhusu maoni yao. Eurogamer ya Uingereza ilichukua njia nyingine Februari 2015 ikafuta kabisa alama, lakini mwaka 2023 ikarudisha nyota tano. Wasomaji wanataka namba, na anayeinyima hupitwa na jirani anayeitoa.

Kwa upande wa Obsidian, miezi sita hivi baada ya sakata la alama 84 ilibadili mwenye kubeba hatari. Septemba 2012 iliomba fedha moja kwa moja kwa wachezaji kupitia Kickstarter, na hadi Oktoba watu zaidi ya 73,000 walikuwa wamechangia karibu dola milioni 4 kwa mchezo ambao haukuwepo bado. Ulitoka Machi 2015 kwa jina la Pillars of Eternity, kwa kompyuta kwanza, ukapata 89 katika Metacritic. Wachangiaji walikuwa wamekwisha kulipa kabla mhakiki wa kwanza hajaufungua.