Koo na Nyuma Navyo Vipimwe

Wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume wenzao, wawe mashoga au wenye wapenzi wa jinsia zote mbili, mara nyingi hutafutiwa kisonono na klamidia mahali pasipo na ugonjwa. Wanapewa kikopo cha mkojo. Mkojo hueleza hali ya mrija wake tu. Bakteria waliojibanza kooni au katika njia ya haja kubwa hawaonekani humo. Na huko ndiko wanakokaa kimya: maambukizi mengi ya sehemu hizo hayatoi usaha, hayaumi, wala hayawashi.

Kenya na Tanzania hali inakuwa mbaya zaidi kwa sababu maabara ni chache na vipimo ni ghali, hivyo wagonjwa hutibiwa kwa kufuata dalili. Anayelalamika kutokwa na usaha hupewa dawa, asiyelalamika hurudi nyumbani. Pale Mtwapa, kaskazini mwa Mombasa, watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) walianza kuwafuatilia wanaume hawa mwaka 2005, na walipochukua sampuli za nyuma walikuta magonjwa haya kwa watu wasiokuwa na dalili yoyote. Si jambo dogo hata kidogo. Maambukizi hayo huvimbisha utando laini wa ndani na kukusanya hapo chembe zilezile za kinga ambazo VVU huzivamia, ndiyo maana mwenye kisonono cha nyuma hupata VVU kwa urahisi zaidi.

Kipimo cha nyuma chenyewe hakina ugumu. Kijiti chenye pamba laini huingizwa sentimita 3 hivi, huzungushwa taratibu kwa sekunde chache, kisha hutiwa kwenye kichupa chenye maji ya kuhifadhia sampuli. Mteja anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe msalani, na majibu yakaaminika sawa na ya sampuli iliyochukuliwa na muuguzi. Kwangu hilo lina uzito mkubwa, kwa kuwa wengi hawaji kabisa wakihofia kuvua nguo mbele ya mtu atakayewahukumu. Mashine za GeneXpert tulizozizoea kwa kifua kikuu zinaweza kusaka kisonono na klamidia pia, zikiwekewa katriji zake. Katriji hizo zinunuliwe.

Matibabu nayo yanategemea mahali. Kisonono huhitaji sindano ya ceftriaxone. Klamidia ya nyuma huhitaji doxycycline mara mbili kwa siku kwa siku 7. Ile dozi moja ya azithromycin inayopatikana upesi dukani ilishindwa kwa takriban mtu mmoja kati ya wanne katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021.

Kaswende na VVU hutafutwa kwenye damu. Kipimo cha haraka cha VVU cha kidoleni husoma kingamwili, si virusi, kwa hiyo kinaweza kuchukua hadi siku 90 kuonyesha maambukizi mapya. Aliyekutana na hatari jana asitulizwe na jibu hasi la leo. Kama saa 72 hazijapita, aombe dawa za kuzuia VVU baada ya hatari (PEP), anywe kwa siku 28, na kila saa anayochelewa inampunguzia kinga.

Anayetumia vidonge vya kujikinga na VVU kabla ya hatari (PrEP) hurudi kliniki kila miezi 3 kupimwa VVU. Siku hiyohiyo aombe koo na nyuma vipimwe, hata kama hakuna kinachouma. Hahitaji kusimulia maisha yake; kutaja sehemu hizo mbili kunatosha.