Kiangazi cha Segese: Ua wa Nyumba ni Darasa la Mtoto

Taifa linalotaka kujua litakuwaje baada ya miaka ishirini halina haja ya kwenda kwa mpiga ramli. Na liutazame ua wa nyumba ya mwananchi wa kawaida wakati wa alasiri, lione watoto wadogo wanafanya nini, wanafundishwa na nani, na wanakula nini. Leo safu hii inawaalika wasomaji wake wa visiwani, pamoja na watumishi wa Serikali ambao kazi yao ni kupanga maendeleo ya watu, wautazame ua wa namna hiyo huko Segese, katika Halmashauri ya Wilaya ya Msalala, mkoani Shinyanga. Segese imo katika ukanda wa dhahabu unaotoka Kahama kuelekea Bulyanhulu hadi Geita. Huko mambo mawili yanagombea mikono ya mtoto: kazi za nyumbani zilizomlea mtoto tangu enzi za mababu, na dhahabu.

Kwetu visiwani masika yakikatika huingia kipupwe, na manyunyu hayakosekani. Usukumani mambo ni mengine. Mvua hukoma mwezi wa Mei, na haitarajiwi tena mpaka Oktoba au Novemba. Katika miezi hiyo ardhi hukauka, majani hugeuka manjano, na jembe hupumzika. Mtu asiyeijua nchi hiyo angedhani kuwa hayo ni majira ya uvivu. Kumbe ndiyo majira ya kazi za nyumbani: kuezeka paa, kutengeneza kihenge, kusuka mikeka, kufinyanga vyungu, na zaidi ya yote kuhifadhi chakula. Tena mwezi wa Juni shule za msingi hufungwa, na watoto wote wako nyumbani. Basi kaya nzima hugeuka darasa, na mwalimu mkuu ni mama au bibi.

Somo la kwanza ni viazi vitamu. Viazi vikishachimbwa, humenywa na kuachwa vinyauke kidogo, kisha hukatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani mpaka vikauke kabisa. Hiyo ndiyo michembe. Viazi vingine huchemshwa kwanza, ndipo vikakatwa na kuanikwa. Hayo ndiyo matobolwa, magumu kama kijiti na matamu mdomoni, ambayo mchungaji huyatia mfukoni akaenda nayo malishoni. Majani ya kunde nayo huchemshwa na kukaushwa, yakawa nsansa, mboga ya siku ambazo shamba halina jani. Vyote hivyo huwekwa akiba kungojea miezi ya njaa, wakati mvua imerudi, shamba limelimwa, lakini hakuna kilichoiva.

Mtoto wa miaka minne hapewi kisu. Hupewa kazi ya kufukuza kuku. Wa miaka sita hugeuza vipande ili upande wa pili nao upate jua, na jioni huambiwa avikusanye kabla ya umande. Wa miaka tisa au kumi huanza kumenya akiwa ameketi karibu na mama yake. Mtu mzima akiyatazama hayo juujuu ataona mchezo tu. Lakini mtoto huyo amekwisha kujifunza kuhesabu, kungoja, kulitazama jua na wingu, na kujua kuwa chakula cha Januari hutayarishwa Juni. Somo hilo la akiba, mataifa mengi hulitafuta kwa gharama kubwa.

Upishi wenyewe ni mwepesi. Michembe hutiwa chunguni pamoja na maji, ikaiva, ikachanganywa na karanga zilizotwangwa; au huliwa kwa maziwa ya mgando ikiwa kaya ina ng'ombe. Kuna ugali wa mtama au wa muhogo, mlenda, na hiyo nsansa iliyoungwa kwa karanga. Wataalamu wa lishe hawawezi kukitoa makosa chakula cha namna hiyo, kwa kuwa kiazi hutia nguvu, na karanga na maziwa hujenga mwili. Msomaji wa Unguja au Pemba atakumbuka mara moja makopa yetu ya muhogo, jinsi yanavyoanikwa na kuhifadhiwa. Ni akili ile ile, ya watu walioishi mbali mbali wakakabiliwa na shida moja.

Hata hivyo desturi njema si lazima ikose dosari. Michembe inayoanikwa chini, juu ya udongo mtupu, hupata vumbi na vinyesi vya kuku. Kichanja cha miti na mkeka safi hutosha kuiondoa aibu hiyo. Aidha, viazi vyenye nyama ya rangi ya chungwa, ambavyo mabwana shamba wamekuwa wakivieneza kwa ajili ya vitamini A, hupoteza sehemu ya faida hiyo vikikaa sana katika jua kali. Vikaushwe haraka, na penye kivuli chenye upepo ikiwezekana. Mambo haya si makubwa. Lakini katika nchi ambayo uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya umri wa miaka mitano wamedumaa, hakuna jambo la chunguni lililo dogo.

Baada ya chakula huja kazi za mikono. Kwetu mkeka hutokana na ukindu. Kule hutokana na milala. Majani hupasuliwa, hulainishwa, husukwa mikanda mirefu, kisha mikanda ikashonwa pamoja. Mtoto wa kike aliyeketi kwa bibi yake huko Segese hufanya vile vile afanyavyo mwenzake wa Makunduchi au Micheweni: husuka, hukosea, hufumuliwa, huanza tena. Wavulana husokota kamba za katani na kuchonga mipini. Na wadogo kabisa hujitengenezea dunia yao wenyewe: magari ya mabua ya mtama, ng'ombe wa udongo wenye pembe ndefu, watoto wa bandia wa magunzi ya mahindi, na mipira ya matambara iliyofungwa kwa kamba. Hapana hata kimoja kilichonunuliwa dukani. Mtoto aliyelifinyanga fahali la udongo likasimama kwa miguu minne bila kuanguka amekwisha kuonja ufundi, na hatausahau.

Usiku ukiingia, Wasukuma wana desturi ya shikome, yaani moto wa uani ambapo wazee na vijana huota na kuzungumza. Hapo ndipo vitendawili, hadithi na historia ya ukoo hupokelewa, na hapo ndipo kijana hufundishwa kuamkia: mwangaluka asubuhi, mwadila jioni. Sisi tuliopitia chuo kabla ya kuingia shule ya Serikali tunaufahamu utaratibu huo wa kujifunza kwa kuketi karibu na mkubwa, kusikiliza, na kurudia.

Mwalimu Julius Nyerere alipotoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea mwezi wa Machi, 1967, alikumbusha kuwa mababu zetu hawakuwa na majengo ya shule, lakini hawakukosa elimu. Watoto walijifunza kwa kuishi na kutenda. Ua wa Segese ni ushahidi wa maneno hayo. Kasoro moja tu tuisahihishe: chungu kisiwe cha msichana peke yake. Mvulana ajuaye kupika michembe na kuosha sufuria hapungukiwi na uanaume wake, na dada yake atapata saa moja ya kusoma.

Sasa tuje kwenye dhahabu. Mgodi mkubwa wa Bulyanhulu ulianza uzalishaji mwaka 2001, lakini wachimbaji wadogo walikuwako kabla yake, na wako hata leo katika ukanda mzima. Hatuwalaumu. Pamba huleta fedha mara moja kwa mwaka, na bei yake haitabiriki. Ukame hauna taarifa. Bali mawe yaliyopondwa leo huweza kuleta unga wa ugali kesho. Kiangazi, jembe linapopumzika, ndipo baba na mama wanapopata nafasi ya kwenda duarani na kwenye mwalo. Na mama anapokwenda, mtoto mchanga huenda mgongoni, na wa miaka minane hufuata kwa miguu. Darasa la uani hufungwa.

Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu migodi midogo ya Tanzania, baada ya kuchunguza wilaya za Chunya, Geita na Kahama. Walikuta watoto, wengine wenye umri wa miaka minane tu, wakichimba, wakibeba na kuponda mawe, na kushika zebaki kwa mikono mitupu. Hayo yalionekana miaka minne baada ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo kwa Tanzania Bara inaihesabu kazi ya migodini kuwa ya hatari na kuikataza kwa kila aliye chini ya miaka 18.

Zebaki yataka maelezo, maana wengi huitumia bila kuijua. Mchimbaji huichanganya na mchanga uliosagwa, nayo hunasa chembe za dhahabu zikawa donge. Donge huchomwa motoni. Zebaki hugeuka mvuke, dhahabu hubaki. Mvuke huo hauonekani wala haunuki. Huingia mapafuni, ukafika kwenye ubongo na figo, na mwili wa mtoto unaokua hudhurika zaidi ya wa mtu mzima. Baadhi ya watu hulichoma donge hilo nyumbani, kwa kuogopa wezi, juu ya mafiga yale yale yanayoivishia michembe. Basi chungu, ukuta, mkeka wa milala na nguo za mtoto zote hupata sehemu yake ya sumu. Mama aliyejitahidi tangu Juni kuweka akiba ya chakula safi huharibiwa kazi yake kwa nusu saa.

Wapo watakaouliza: je, si ninyi mnaosifu mtoto kufanya kazi? Ndiyo, na hatubadilishi neno. Lakini ipo kazi inayomlea mtoto, na ipo kazi inayomla. Kazi ya ulezi hulingana na umri wake, hufanywa karibu na mzazi, humpa ufundi, na humwachia muda wa kucheza, kulala na kusoma. Kuponda mawe tangu asubuhi hakumfundishi mtoto jambo lolote ila uchovu, na kushika zebaki ni kumtia ugonjwa kwa mkono wa mzazi wake mwenyewe.

Njia ya kurekebisha haiko mbali. Shinyanga yenyewe imekwisha kutufundisha. Mwaka 1986 Serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI, miti ilikuwa imekwisha na nchi imegeuka vumbi. Mradi haukuleta ujuzi wa kigeni peke yake. Ulirudi kwenye desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani kutenga malisho kwa ajili ya kiangazi. Ngitili zilizokuwa zimebaki hekta mia kadhaa tu zilifikia mamia ya maelfu ya hekta, na mwaka 2002 mradi huo ukapata tuzo ya kimataifa ya Equator. Sababu ya ushindi ni kuwa Serikali iliiheshimu akili ya wananchi, ikaipa nguvu ya sheria na ya utaalamu. Lililofanyika kwa majani ya ng'ombe halishindikani kwa watoto wa watu.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo manne kwa wahusika. Kwanza, kila kijiji chenye mialo kiwe na sheria ndogo inayopiga marufuku kuchoma dhahabu nyumbani. Kazi hiyo ifanywe mahali palipotengwa, kwa chombo kilichofungwa kinachokamata mvuke. Pili, karibu na kila kundi la mialo patengwe banda la watoto wadogo, lenye maji na kivuli, na bibi wa kijiji walipwe posho kuwalea na kuwafundisha kusuka na kufinyanga. Halmashauri ya Msalala imekuwa ikipokea ushuru wa huduma kutokana na mgodi wa Bulyanhulu, na matumizi bora kuliko hayo ni shida kuyapata. Tatu, shule za msingi ziwaalike wazee mafundi kufundisha kazi za mikono kabla ya likizo ya Juni. Nne, redio irudie wajibu wake. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975 ziliwakusanya watu wazima kwa mamilioni katika vikundi vya kusikiliza na kusoma, wakajenga vyoo na kupanda bustani. Zebaki na lishe ya mtoto zinastahili kampeni ya namna hiyo.

Nasi wa visiwani tusijitoe. Hatuna dhahabu, lakini tangu kilimo cha mwani kilipoanza Paje na Jambiani mwaka 1989 mama zetu nao hushinda pwani, na watoto huwafuata majini. Zanzibar ina Sheria yake ya Mtoto ya mwaka 2011. Je, mabanda ya watoto yako wapi katika pwani zetu? Na ukili unasukwa na nani, iwapo mkeka wa plastiki umeingia hata vyumbani mwa wanaojua kusuka? Kabla hatujamhurumia mtoto wa Segese, tuuangalie ua wetu.

Dhahabu ikiisha chini ya ardhi, mashimo yatabaki. Mtoto aliyefundishwa kuweka akiba, kupika, kusuka na kufinyanga atabaki na mikono yake, na kwa mikono hiyo ataijenga nchi. Viongozi wa vijiji, madiwani, maofisa ustawi wa jamii na wazazi wanao uwezo wa kuchagua. Kiangazi hakijaisha, kazi na ianze.