Tarehe ya cheo ikikosewa jeshini, afisa huumia hadi kwenye pensheni

AFISA wa jeshi anaweza kupandishwa cheo, akapokea barua na kuvaa alama mpya begani, kisha miaka kumi baadaye agundue kwamba kwa mujibu wa faili yake alipanda siku nyingine kabisa. Hakuna aliyemnyang'anya cheo. Ni tarehe tu iliyoandikwa visivyo. Lakini katika kazi ambayo watu hupangwa kwa kuangalia nani alimtangulia nani, tarehe hiyo huathiri mshahara wake, zamu yake ya kupanda tena na, hatimaye, hesabu ya pensheni.

Katika mtaa wa Membley, eneo la Ruiru, Kaunti ya Kiambu, jambo hili si geni kulitaja. Kambi ya Kahawa haiko mbali, mji wa Thika nao una kambi yake, na barabara kuu inayounganisha sehemu hizo inapita karibu na mtaa. Tuchukue basi mfano wa kubuni wa meja mmoja mkazi wa Membley. Barua yake ya kupandishwa cheo ilisema cheo kinaanza tarehe 7 Aprili 2016. Karani aliyeingiza habari hizo kwenye kompyuta aliandika 7/4/2016, jinsi tunavyoandika hapa nchini. Kompyuta ilikuwa imepangwa kwa mtindo wa Kimarekani, ambao hutanguliza mwezi. Ikasoma 4 Julai 2016.

Siku 88 zimepotea na hakuna aliyefanya hila. Kosa la aina hii lina tabia ya ajabu kidogo: huwashika tu wale waliopanda cheo kati ya tarehe 1 na 12 ya mwezi. Aliyepandishwa tarehe 18 yuko salama, kwa kuwa hakuna mwezi wa 18 na kompyuta itaikataa tarehe hiyo au kuiacha ilivyo. Aidha, kosa lilo hilo laweza kumnufaisha mtu. Aliyepanda tarehe 1 Desemba, yaani 1/12, atasomeka kama aliyepanda 12 Januari ya mwaka huohuo, na atahesabiwa karibu miezi 11 asiyostahili. Huyo hatalalamika. Siku atakapogunduliwa, huenda akadaiwa fedha alizolipwa kupita kiasi.

Mbali na kompyuta, zipo njia nyingine za kukosea. Barua huwa na tarehe mbili, ile iliyoandikwa na ile ambayo cheo kinaanza rasmi, na karani mwenye haraka hunakili iliyo juu ya ukurasa. Au afisa yuko ng'ambo katika shughuli za kulinda amani, na amri ya kikosi inayotangaza mabadiliko ya utumishi inachapishwa baada ya yeye kurejea. Au cheo cha kukaimu kinachanganywa na cheo kamili, hivi kwamba miezi aliyokaimu ihesabiwe pale isipostahili, ama isihesabiwe pale inapostahili.

Raia atauliza, siku 88 ni kitu gani katika utumishi wa miaka 25? Majeshi yenyewe yameshajibu swali hilo. Mnamo Desemba 1944, Marekani ilipounda cheo cha nyota tano, wakuu wake saba wa nchi kavu na wa majini hawakupandishwa pamoja. Walipewa siku saba mfululizo: William Leahy tarehe 15, George Marshall 16, Ernest King 17, Douglas MacArthur 18, Chester Nimitz 19, Dwight Eisenhower 20 na Henry Arnold 21. Siku moja ilitosha kuonyesha nani ni mkubwa kwa nani. MacArthur akawa anamtangulia Eisenhower kwa siku mbili, na katika desturi za kijeshi siku mbili ni umbali kamili.

Waingereza nao walifanya lao mwaka huohuo. Bernard Montgomery alifanywa Fildi Mashali tarehe 1 Septemba 1944. Harold Alexander, ambaye hadi hapo alikuwa mkubwa wake, alikipata cheo hicho baadaye mwaka huo. Badala ya kumwacha nyuma, serikali iliirudisha tarehe yake hadi 4 Juni 1944, siku ambayo majeshi yaliyokuwa chini ya amri yake yaliingia Roma. Kwa mstari mmoja wa wino Alexander akarejea mbele ya Montgomery.

Mfano wa Alexander haukuwa wa kosa. Ulikuwa uamuzi, na hapa ndipo penye kiini cha mambo. Kusahihisha kumbukumbu ni jambo moja. Kubadilisha uamuzi ni jambo jingine. Meja wetu wa Membley haombi kupandishwa cheo upya. Wenye mamlaka walikwisha kuamua kwamba cheo chake kianze 7 Aprili, na barua ipo. Anachoomba ni faili iseme yaliyoamuliwa. Lakini afisa anayedai kwamba alistahili kupanda mwaka 2014 badala ya 2016, kwa sababu bodi ilimruka, huyo anaomba uamuzi ambao haujawahi kufanywa. Wa kwanza ana shida ya karani, wa pili ana shida na wakubwa. Maombi mengi huharibika kwa kuchanganya haya mawili: mtu mwenye ushahidi safi wa kosa la tarehe huandika kurasa sita za manung'uniko kuhusu upendeleo, na barua yake ikaishia kutazamwa kama malalamiko ya aliyekosa cheo.

Ukubwa wa hasara unategemea mahali tarehe ilipoangukia. Katika majeshi mengi, wawili wenye cheo kimoja hupangwa kwa tarehe walizokipata, na zikilingana hurejelewa tarehe za cheo kilichotangulia. Hivyo kosa katika cheo cha kapteni laweza kumfuata mtu hadi awe kanali. Pia bodi huangalia muda ambao afisa amekaa katika cheo kabla ya kumfikiria kwa kingine. Kama kikomo cha kuhesabu muda huo ni mwisho wa Juni, wa Aprili anahesabiwa na wa Julai anangoja hadi bodi nyingine ikae. Siku 88 zimekuwa mwaka mzima.

Pensheni ndiyo huuma zaidi. Pale ambapo nyongeza ya mshahara ya kila mwaka huhesabiwa kutoka tarehe ya cheo, afisa anayestaafu tarehe 30 Juni huwa amekwisha kupata nyongeza yake ya mwisho ikiwa tarehe yake ni ya Aprili. Ikiwa ni ya Julai, anaondoka siku nne kabla ya kuipata. Kwa vile pensheni hukokotolewa kwa mshahara wa mwisho pamoja na muda wa utumishi, upungufu huo haumalizwi na malipo ya siku moja. Unarudi kila mwezi kwa maisha yake yote, na huenda ukawafikia wanaomtegemea baada yake.

Sheria inamsaidiaje? Sheria ya Ajira ya 2007 haimgusi, kwa kuwa imewatenga wanajeshi waziwazi. Yuko chini ya Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya 2012 na kanuni zake, na desturi ni kuwa malalamiko hupanda ngazi kwa ngazi kuanzia kwa mkuu wa kikosi. Kileleni lipo Baraza la Ulinzi lililoundwa na Kifungu cha 241 cha Katiba, ambamo huketi Waziri, Mkuu wa Majeshi, makamanda wa Nchi Kavu, Wanahewa na Wanamaji, pamoja na Katibu wa Wizara.

Hata hivyo, Katiba ya 2010 ina kipengele ambacho wanajeshi wengi hawakitaji. Kifungu cha 35 kinampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari zisizo za kweli au za kupotosha zinazomwathiri. Kifungu cha 47 kinadai hatua za kiutawala ziwe za haki na za haraka, na anayeathiriwa apewe sababu kwa maandishi. Ni kweli kwamba Kifungu cha 24 kinaruhusu sheria kuwapunguzia wanajeshi haki fulani, na kimezitaja: faragha, kujiunga na vyama, maandamano, mahusiano ya kazi, haki za kiuchumi na kijamii, na haki za waliokamatwa. Kifungu cha 35 hakimo katika orodha hiyo. Cha 47 vilevile hakimo. Si kwamba haki hizo hazina mipaka kabisa, lakini anayetaka kuziwekea mipaka hawezi kuegemea orodha hiyo.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inampa mtu haki ya kudai data yake isahihishwe. Ina msamaha kwa masuala ya usalama wa taifa. Mwandishi huyu haoni jinsi siku ambayo mtu mmoja alipanda cheo inavyoweza kuwa siri ya kivita, hasa baada ya mwenyewe kupewa barua.

Mahakama ni mlango wa mwisho. Sheria ya 2015 kuhusu hatua za haki za kiutawala inataka mlalamishi amalize kwanza njia za ndani, isipokuwa kuwe na sababu za kipekee za kumruhusu aziruke. Na mahakama huchukua muda. Meja Jenerali Peter Kariuki, aliyekuwa kamanda wa Jeshi la Wanahewa wakati wa jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, alihukumiwa kifungo cha miaka minne na mahakama ya kijeshi. Uamuzi wa Mahakama ya Rufaa kuhusu fidia yake ulitolewa 2014. Kesi yake ilikuwa nzito kuliko kosa la karani, lakini inaonyesha umri unaoweza kuishia kwenye korido za mahakama.

Marekani walijaribu kuliepuka hilo mapema. Kwa sheria ya 1946, bunge lao lilichoka kupokea miswada ya kumsaidia mwanajeshi mmoja mmoja, likaagiza ziundwe bodi za kusahihisha kumbukumbu za kijeshi. Wajumbe wake ni raia, si maafisa. Bodi inaweza kurekebisha tarehe ya cheo, na malimbikizo ya mshahara yakafuata. Mwombaji hupewa miaka mitatu tangu alipoligundua kosa, ingawa bodi inaweza kumsamehe akichelewa. Kenya haina bodi ya aina hiyo. Malalamiko husikizwa na walewale waliomo katika mfumo ulioandika tarehe.

Kuna upande ambao mlalamishi husahau. Meja wetu akirudishwa 7 Aprili, wapo waliopanda Mei na Juni ambao kwa miaka yote hiyo walikuwa mbele yake katika orodha. Sasa watashuka. Hawakukosa lolote, na Kifungu cha 47 ni chao pia. Ndiyo maana ofisi makini haifuti tarehe ya zamani kimyakimya. Hufanya kama Gazeti Rasmi la Serikali linavyofanya katika masahihisho yake: hutaja notisi iliyokosewa, maneno yaliyokosewa, na yatakayochukua nafasi yake, ili anayesoma aone vyote viwili.

Kwa meja wa Membley, ombi linalofaa ni ukurasa mmoja. Litaje tarehe iliyo sahihi, iliyo kwenye faili, na hati inayothibitisha: barua ya kupandishwa cheo kwanza, kisha amri ya kikosi ya wakati huo, kisha hati ya mshahara ya mwezi wa kwanza katika cheo kipya. Hiyo ya tatu hutupwa na wengi, ilhali ndiyo huonyesha serikali yenyewe ilianza kumlipa lini. Liombe pia mambo matatu yatajwe katika jibu: kwamba tarehe imebadilishwa, kwamba nafasi yake katika orodha imepangwa upya, na kwamba ofisi ya mishahara na ile inayokokotoa pensheni zimepelekewa nakala. Jibu likitaja la kwanza pekee, aandike tena kabla ya kustaafu.