Je, Wajua? Udongo wa Kibo umeganda

Je, wajua kuwa Tanzania ina udongo ulioganda mwaka mzima? Upo karibu na kilele cha Kibo, Kilimanjaro (mita 5,895), chini ya majivu ya volkano. Barafu hushikilia mawe. Joto likizidi, huyaachia. Januari 2006, mawe yaliporomoka kwenye njia ya Western Breach mlimani humo na kuua wapandaji 3 kutoka Marekani.

Kati ya 1912 na 2007, Kibo ilipoteza takriban asilimia 85 ya eneo lake la barafu.

Hata hivyo, maji ya kahawia ya Mto Rufiji yanayopita chini ya Daraja la Mkapa, jirani na Ikwiriri, hayatoki kwenye barafu hiyo. Maji ya Kilimanjaro huenda mito ya Pangani na Tsavo. Rufiji hulishwa na mvua kupitia mito ya Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyozamisha mashamba ya Rufiji yalitokana na mvua kubwa, si barafu.